Maua tele, nyanya hakuna: mwongozo wa kufanya nyanya za lupango zitunge matunda

Wanaokuja kwangu kuchukua miche huuliza mengi, lakini swali moja halikosi kurudi, hasa mwezi wa saba na mwezi wa kumi: "Mama, nyanya zangu zimestawi vizuri, zimejaa maua, mbona maua yote yanaanguka?" Anayeuliza mara nyingi ameshabadilisha mbegu, ameshaongeza mbolea, pengine ameshanunua dawa ya wadudu na kuipuliza. Na maua bado yanaanguka.

Ninaandika hapa jibu ninalowapa, kwa utaratibu wake, ili anayeanza kwenye lupango wake, yaani kiwanja cha nyumbani, huko Katuba, Ruashi, Kalebuka au popote mjini Lubumbashi alifuate tangu siku ya kusia mbegu. Jambo kubwa nalisema mapema. Hapa kwetu nyanya nyingi hukosa kutunga kwa sababu ua limefunguka katika wiki ambayo usiku ni wa baridi kali, au mchana ni wa joto kali, au mvua haikatiki. Mkulima hajakosea kumwagilia, hajakosea mbegu, amekosea tarehe. Kwa hiyo kazi huanza kwenye kalenda, jembe hufuata.

Ua linavyotunga, kwa ufupi

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, kwa hiyo hata mche mmoja peke yake unaweza kuzaa. Chavua, ule unga wa njano, imefichwa ndani ya kile kijibomba cha njano katikati ya ua, na hutoka ua linapotikisika. Mara nyingi upepo unatosha. Nyuki wa asali hawasaidii sana. Wanaosaidia ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa: huning'inia kwenye ua na kulitetemesha kwa mngurumo wao mpaka unga umwagike. Ukiwaona kwenye nyanya zako, waache.

Ua hupenda usiku wa nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua inakuwa dhaifu au haitoki kabisa. Mchana ukipita 32, inaharibika. Hewa ikijaa unyevu, unga unagandamana ndani ya ua. Ua ambalo halikupata chavua hukaa siku chache tu, kifundo cha kikonyo chake kinageuka njano, kisha linadondoka.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya hali ya hewa yetu. Mji uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, na ndiyo maana usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka hadi nyuzi 7 au 8. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, mchana hufika 32 au 33. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu ni mvua. Nafasi zinazobaki si nyingi, lakini zipo, na zinatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mbegu ambayo jina lake unalijua, iliyo kwenye pakiti yenye tarehe.
- Sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Kama huna ardhi, tumia bidoni (madumu) za lita 20 zilizokatwa juu na kutobolewa chini, au magunia.
- Mbolea ya ng'ombe, mbuzi au kuku iliyooza vizuri. Ikiwa bado inanuka mkojo, haijawa tayari.
- Udongo wa kichuguu uliopondwa, ndoo moja au mbili kwa tuta dogo.
- Jivu la makala (makaa), safi, lisilochanganyika na plastiki iliyoungua.
- Miti au matete ya mita moja na nusu hadi mbili, na kamba laini au vitambaa vya kufungia.
- Majani makavu ya kufunika udongo.
- Magunia matupu au plastiki inayopitisha mwanga. Utaelewa kazi yake kwenye hatua ya 9.
- Chanzo cha maji ambacho hakikauki. Bomba likikata siku 4 mfululizo na huna kisima wala pipa la akiba, panda michache kulingana na maji ulionayo.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma.

Tangu kusia mbegu hadi kupandikiza ni wiki 4 hadi 6. Tangu kupandikiza hadi maua ya kwanza ni wiki 3 hadi 5. Chukua wiki 9 au 10 kwa jumla. Chagua kwanza wakati unaotaka maua yafunguke, kisha rudi nyuma wiki hizo. Hapo ndipo unaposia.

Nafasi ya kwanza, ambayo ninamshauri kila anayeanza, ni maua ya mwisho wa mwezi wa tatu na mwezi wa nne. Mvua zinapungua, mchana si mkali, usiku bado haujawa wa baridi. Ili uwahi, sia katikati ya mwezi wa kwanza. Kitalu kitakuwa kwenye mvua, kwa hiyo lazima kiwe na paa.

Nafasi ya pili ni maua ya katikati ya mwezi wa tisa hadi mwanzo wa mwezi wa kumi, baridi ikiwa imeondoka na joto halijafika kileleni. Hapo unasia mwanzo wa mwezi wa saba, na kitalu kinahitaji kufunikwa usiku. Nafasi hii ni nyembamba na inadai maji mengi, maana mvua haipo kabisa.

Angalia: watu wengi husia mwezi wa nne, mvua zikiisha, kwa sababu ardhi bado ina unyevu na magugu yamepungua. Miche inakua vizuri sana. Kisha maua yanafunguka mwezi wa sita na wa saba, kwenye usiku wa nyuzi 8, na hapo ndipo wanapokuja kwangu. Ukitaka kusia mwezi wa nne, sia ukijua kwamba utafunika kila jioni kwa wiki nyingi.

2. Chagua mbegu kulingana na nguvu zako.

Zipo nyanya fupi, zinazofika kimo fulani na kusimama, kama Roma na Rio Grande. Maua yake hutoka karibu wakati mmoja, kwa hiyo zikipata wiki nzuri zinatunga sana kwa mkupuo. Zikipata wiki mbaya, umepoteza karibu mavuno yote. Zipo ndefu, kama Money Maker, zinazoendelea kupanda na kutoa vichala kimoja baada ya kingine. Kichala kimoja kikianguka, kinachofuata kinaweza kushika. Zinahitaji miti mirefu na mkono wa kila wiki.

Kwa mtu asiye na uhakika na tarehe zake, panda nusu kwa nusu. Na nyanya ndogo za mviringo, zile za kutafuna nzima, hutunga hata hali ya hewa ikiwa ngumu kidogo. Miche miwili ya aina hiyo kwenye kila bustani ni akiba nzuri.

Mbegu uliyoitoa kwenye nyanya ya sokoni huota, lakini kama mama yake alikuwa chotara, watoto hawatafanana naye.

3. Chagua mahali.

Jua kwanza. Mwembe au mparachichi wa jirani unaoonekana mbali asubuhi unaweza kukunyima jua mchana kutwa. Simama pale saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri, uone kivuli kinapita wapi. Nyanya ya kivulini hurefuka, hutoa maua machache, na hayo machache huanguka.

Kwa maua ya wakati wa baridi, tafuta ukuta wa matofali unaotazama kaskazini. Kwetu huku, jua la mwezi wa sita hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo hupashwa joto mchana na kuliachia polepole usiku. Nyuzi mbili au tatu tu zinaweza kutenganisha ua linaloshika na linaloanguka. Kinyume chake, mabondeni na karibu na mito hewa ya baridi hutuama usiku. Kwa nafasi ya pili, mwenye lupango bondeni achelewe kupanda kuliko mwenzake wa mlimani.

Jambo la mwisho kuhusu mahali ni zito. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki umepeleka moshi wake kwenye mitaa ya kaskazini-magharibi. Huko udongo una shaba na madini mengine mazito. Ukiona ardhi ya lupango haioteshi hata nyasi za kawaida, usilime chini. Lete udongo wa mahali pengine, panda kwenye magunia au bidoni, na osha kila nyanya kabla ya kula ili kuondoa vumbi.

4. Andaa udongo, bila kuushibisha.

Udongo wetu mwekundu mara nyingi una uchachu na upungufu wa kalsiamu. Dawa yake iko karibu: udongo wa vile vichuguu vikubwa vya Katanga una chokaa ndani yake na unashika maji vizuri. Uponde, changanya ndoo moja kwa kila mita mbili za mraba. Asiye na kichuguu atumie chokaa ya kilimo, mkono mmoja au miwili kwa mita ya mraba, wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza.

Chimba hadi sentimita 30. Changanya ndoo moja ya mbolea iliyooza kwa mita ya mraba. Nyunyiza jivu, mkono mmoja kwa kila shimo, na ulichanganye na udongo. Jivu lina potasiamu, ambayo nyanya inaihitaji wakati wa kuzaa. Usilichanganye na mbolea mbichi ya kuku wala na urea siku moja: nguvu ya mbolea inapotea hewani.

Angalia sana hapa. Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni la mbolea iliyobaki kwenye mahindi. Mtu ana nusu gunia la urea, anaona majani ya nyanya, anamwaga. Ndani ya wiki mbili mche unakuwa mkubwa, mweusi kwa ukijani, shina nene kama kidole gumba, na jirani wanasifu. Mche huo hautoi matunda. Nitrojeni, ile nguvu ya urea inayokuza majani, inapozidi, mmea unalisha majani na kuacha maua yaanguke. Urea kabla ya matunda kushika, usiweke hata kidogo kama udongo wako ulipata mbolea ya mifugo. Ile mbolea ya chembechembe ya 10-20-10 wanayotumia kupandia mahindi inafaa, kijiko kimoja cha chai chini ya shimo, kikifunikwa na udongo ili kisiguse mizizi.

5. Kitalu.

Sia kwenye boksi au bakuli lililotobolewa chini, mbegu kwa kina cha nusu sentimita, mbali kwa sentimita 3 hivi. Weka mahali penye jua la asubuhi. Maji kidogo kidogo, asubuhi. Mche ukiwa na majani 4 hadi 6 ya kweli na shina la unene wa penseli, uko tayari. Usikubali kununua mche mrefu, mwembamba, wa njano, hata ukiwa na maua tayari. Mche wenye ua kitaluni umechoka kwa kukosa nafasi. Ukiupata huo, chuma ua hilo ili nguvu irudi kwenye mizizi.

6. Pandikiza jioni, kwa kina.

Zika shina hadi karibu na majani ya kwanza. Sehemu iliyozikwa itaota mizizi, na mche wenye mizizi mingi haunyauki wakati wa maua. Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, na karibu mita moja kati ya mistari. Najua lupango ni mdogo na mkono unawasha kuongeza mche mmoja katikati. Usiongeze. Miche iliyosongamana hushika unyevu, upepo haupiti, ua halitikisiki.

Simika mti wa kuegemea siku hiyo hiyo. Ukingoja hadi mmea uanguke, utachoma mizizi wakati wa kusimika, na maua ya kwanza yataanguka kwa mshtuko.

7. Maji ya kupimwa.

Maji mengi mara moja kisha siku tano kavu: hivyo ndivyo maua yanavyopotea kwenye kiangazi. Udongo uwe na unyevu wa kawaida wakati wote. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Kwenye kiangazi ni karibu lita 2 kwa mche mkubwa kila siku ya pili, na kila siku kwa wale wa kwenye bidoni. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Usiloweshe maua. Funika udongo kwa majani makavu, unene wa kiganja, lakini usiyagusishe na shina.

Maji yaliyofulia nguo yana sabuni na soda, usiyatumie. Yale ya kuoshea mboga na mchele ni mazuri.

8. Ua likifunguka, litikise.

Hatua hii huchukua dakika tano, na watu wengi hawaijui. Kwenye lupango uliozungukwa na kuta ndefu upepo hauingii vizuri, na nyuki weusi hawapiti kila siku. Kwa hiyo kazi yao uifanye wewe.

Subiri umande ukauke. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku kavu, chagua maua yaliyofunguka kabisa, yale ambayo petali zake za njano zimejikunja nyuma. Shika mti wa kuegemea na uugonge kwa kidole mara kadhaa, au gusa kikonyo cha kichala kwa nyuma na ukitikise kwa mitetemo midogo ya haraka. Nia ni kutetemesha, ukivuta, utavunja. Ukitega kiganja au kipande cha karatasi nyeusi chini ya ua, utaona unga mwepesi wa njano ukidondoka. Ukiuona, kazi imefanyika. Usipouona hata kwenye maua mengi, ama ni mapema mno asubuhi, ama hewa ina unyevu, ama usiku uliopita ulikuwa wa baridi. Jaribu tena baadaye mchana au kesho.

Rudia kila siku ya pili kwa muda wote wa maua. Ua moja liko tayari kwa siku mbili au tatu tu, na kichala hakifungui maua yake yote pamoja. Watoto wanaipenda kazi hii, nao hawasahau kama watu wazima. Mwonyeshe mmoja vizuri, kisha umwachie.

Baada ya siku kama 4 hadi 7, petali zinanyauka na nyuma yake unaona kichanga cha kijani chenye ukubwa wa punje ya mtama. Hicho ndicho tunda. Petali zilizokauka zikikwama juu yake wakati wa unyevu, zitoe taratibu kwa vidole, zisije zikaozesha ngozi.

9. Linda ua dhidi ya usiku, mchana na mvua.

Wakati wa baridi: simika fito nne kuzunguka mche, na kila jioni kabla ya jua kuzama tandika magunia au plastiki juu yake, isiguse majani. Asubuhi jua likipanda, ondoa. Ukisahau kuondoa, mchana mmea unaungua ndani ya plastiki na maua yanaanguka kwa sababu nyingine kabisa. Bidoni la maji lililowekwa juani mchana na kuachwa chini ya kifuniko usiku husaidia kidogo.

Wakati wa joto la mwezi wa tisa na wa kumi: weka kivuli chepesi cha matete upande wa magharibi, cha kukinga jua la saa saba hadi saa kumi. Kivuli cha mchana kutwa hapana. Ongeza majani makavu chini.

Wakati wa mvua: paa la plastiki nyeupe juu ya miche, pande zote wazi. Paa hilo linalinda chavua, na zaidi ya hapo linazuia bakajani, ugonjwa wa madoa meusi unaoweza kumaliza nyanya za mvua kwa wiki moja. Kwa anayeanza, nyanya za katikati ya mvua bila paa ni kazi ya kuvunja moyo. Ngoja msimu.

10. Lisha baada ya matunda ya kwanza kushika.

Matunda ya kichala cha kwanza yakifika ukubwa wa gololi, ndipo mmea unahitaji chakula zaidi. Mkono wa mbolea iliyooza kuzunguka shina, pamoja na jivu kidogo, kila wiki 3. Kwa nyanya ndefu, ng'oa machipukizi yanayoota kwenye kwapa kati ya jani na shina yakiwa bado madogo. Nyanya fupi usizikate kichwa wala machipukizi. Ukizikata, unakata maua. Ondoa tu majani ya chini yanayogusa udongo.

Na kuhusu dawa: ukilazimika kupuliza, puliza jioni nyuki wakiwa wamelala, usilenge maua yaliyofunguka, na hesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Dawa isiyo na karatasi, iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, usiiguse.

Ikiwa bado kuna tatizo

*Mmea mkubwa, majani ya kijani kibichi sana, maua machache.* Nitrojeni imezidi. Acha mbolea yoyote, endelea na maji ya kawaida, ongeza jivu kidogo. Kwa nyanya ndefu, punguza machipukizi. Inaweza kuchukua wiki 3 kabla ya maua kushika.

*Maua mengi, kikonyo kinageuka njano kwenye kifundo, yanaanguka.* Angalia usiku wa siku tano zilizopita. Kama uliamka ukihitaji blanketi mbili, ni baridi, funika. Kama ni mwezi wa kumi, ni joto au kiu. Kivuli na maji. Kama hali ya hewa ilikuwa nzuri, hukutikisa, au mahali ni pa kivuli. Kichala cha kwanza kikianguka peke yake, usihangaike. Hutokea sana, na cha pili hushika.

*Maua yana madoa ya kahawia, yanakauka yakiwa bado yamefungwa.* Ligonge ua juu ya karatasi nyeupe. Vidudu vyembamba vinavyokimbia ni thiripi. Chuma maua yaliyoharibika na uyatupe mbali, osha mmea kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande jioni, usafishe magugu yanayochanua karibu.

*Majani ya juu yamejikunja, madogo, ya njano pembeni. Mmea umedumaa na maua hayatungi.* Ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe. Hakina dawa. Ng'oa mche huo leo, uzike, kabla wengine hawajaambukizwa.

*Mche mzima unanyauka ghafla ukiwa wa kijani, hata udongo ukiwa na maji.* Kata shina karibu na udongo, liweke kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, na hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi ulaya kwa miaka 3 au zaidi. Panda mahindi, au hamia kwenye magunia yenye udongo mpya.

*Matunda yametunga, lakini chini yake kuna doa jeusi lililobonyea.* Si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu maji yalikuwa ya leo mengi, kesho hakuna. Chuma yaliyoharibika, sawazisha maji. Msimu ujao weka kichuguu au chokaa mapema.

*Matunda madogo, yamekunjamana, ndani hayana mbegu nyingi.* Chavua ilifika kidogo tu. Tikisa zaidi, na kwenye saa za mchana, si alfajiri.

*Matunda makubwa, lakini yamegoma kuiva.* Kwa kawaida tangu ua hadi kuiva ni siku 45 hadi 60. Baridi ya mwezi wa sita hurefusha muda huo sana. Yale yaliyoanza kupauka chini, yachume, yaweke ndani ya boksi pamoja na ndizi mbivu moja, sehemu yenye joto jikoni, mbali na jua. Yaliyo kijani kabisa na magumu yaache kwenye mti, au yakate kwenye mboga kama yalivyo, kwa kiasi.